Kabla hujautoa wimbo wako, andika jina lako ndani ya faili

Juma lililopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia: "Kaka, wimbo wangu umekamilika. Niuachie bure mtandaoni au niuuze?" Nimechelewa kumjibu kwa sababu ametonesha kidonda ambacho nilidhani kimepona.

Mwaka 2009 nilikuwa na kibanda karibu na Soko Kuu la Mtwara, na kwa shilingi 1,000 nilikuwa nakujazia memori kadi nyimbo hadi ifurike. Msimu wa korosho wateja walipanga foleni. Sikujiona mwizi, nilijiona fundi. Wimbo wa dakika 4 unaokula megabaiti 40 hivi kwenye CD hubaki na takriban 4 ukigeuzwa kuwa MP3, na wepesi huohuo ndio uliomwezesha kijana Mmarekani, Shawn Fanning, kuanzisha huduma ya mtandaoni ya Napster mwaka 1999, watu wakawa wanachukuliana nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kampuni za muziki za Marekani ziliishtaki Napster mwaka huohuo, na kwa kuwa orodha ya nyimbo ilikaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za Napster yenyewe, mahakama ilipata pa kushika. Julai 2001 huduma ikazimwa. Vibanda vyetu havikuwa na pa kushikwa namna hiyo, kwani ungefunga changu leo na nyimbo zingebaki kwenye simu za mji mzima.

Mwaka 2012 nikarekodi wimbo wangu mwenyewe, kwa fedha za korosho za mama, nikachapisha CD 200. Siku ya tatu nikausikia ndani ya bajaji. Nilifurahi kama mtoto, mpaka nilipotupia jicho simu ya dereva: mahali pa jina la msanii palikuwa na jina la kibanda cha jirani yangu, pamoja na namba yake ya simu. Nilipomwendea hakukana. "Kaka," aliniambia, "si wewe uliyenifundisha kubadilisha majina?" Ni kweli, nilimfundisha, kwa chupa moja ya soda. CD 163 zimo uvunguni mwa kitanda hadi leo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na jina. Andika jina lako, jina la wimbo na mwaka ndani ya faili lenyewe, wala usiishie kwenye kasha. Kisha uuweke mtandaoni wewe mwenyewe, siku ileile, kabla mwingine hajakuwekea. Duka la iTunes, la kampuni ya Apple, lilipofunguliwa mtandaoni mwaka 2003 likiuza wimbo kwa senti 99 za dola, wanunuzi hawakuja kwa sababu wametubu. Walikuja kwa sababu kununua kulikuwa rahisi kuliko kuhangaika kutafuta. Msikilizaji wa Masasi naye yuko hivyohivyo, kwa hiyo acheni kumtukana mitandaoni, ninyi wasanii chipukizi ambao simu zenu zimejaa nyimbo msizozilipia. Na jina, nasema tena, jina.

Nitumie faili hilo kabla ya Ijumaa. Kabla ya kuusikiliza wimbo, nitaangalia kwanza limeandikwa jina la nani.