Nafasi ya Mshono: Maswali Yenu

Nimepima kifua sm 92, nikakata sm 92 kamili. Gauni halinifungi. Nimekosea wapi?

Hukuacha nafasi ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kinachoingia ndani ya mshono. Hesabu mwenyewe: mbele na nyuma kuna kingo nne za ubavuni, na kila ukingo ukiliwa sm 1.5, sm 6 zimekwenda. Umeshona gauni la 86. Na hata ungeacha nafasi hiyo lingekubana vilevile, maana 92 ni mwili mtupu. Kitambaa kisichovutika kinahitaji kuzidi mwili, tuseme sm 5 hadi 10 kifuani, upate kupumua na kuinua mkono. Nafasi ya kupumulia iingie kwenye pateni, ile karatasi ya kukatia, tangu mwanzo. Ya mshono izungushwe kwa nje mwishoni. Nimeshasema, nasema tena: moja haifanyi kazi ya nyingine.

Niache kiasi gani?

Mabegani sm 1.5. Shingoni sm 1 au pungufu, kwa sababu mviringo wenye nafasi pana haulali. Pindo la gauni lililonyooka sm 4 zinatosha; la kloshi, lile linalopanuka chini, usizidishe 1.5, litakunjamana. Ubavuni, kwa anayeanza, acha 2 na usiwasikilize wanaokuhimiza kubana kitambaa. Ukinenepa utafumua na kutoa. Kilichokatwa na mkasi hakirudi.

Pateni ya kununua nayo niiongezee?

Soma maelezo yake kwanza! Za Simplicity na McCall's kwa kawaida zimeshahesabu sm 1.5. Za jarida la Burda kwa kawaida hazijahesabu. Mnakata kwanza, mnauliza baadaye.

Na pale kitambaa kilipokunjwa?

Hapana. Hapo hakuna mshono. Ukiongeza 1.5 kwenye mkunjo, kipande kikifunguliwa kimepanuka sm 3, na shingo imepwaya.

Nimeacha 1.5 sawasawa, lakini mshono unayumba.

Unaikodolea macho sindano. Tazama ukingo wa kitambaa. Pima sm 1.5 kulia kwa sindano, bandika selotepu juu ya bamba la cherehani, na ukingo upite ukiigusa selotepu mwanzo hadi mwisho. Usipimie mguu wa cherehani, kile kichuma kinachokandamiza kitambaa. Mingi haifikishi hata sm 1 kutoka kwenye sindano. Pini zichomoe kabla hazijafika chini ya mguu, sindano ikigonga pini huvunjika na kipande chake huruka usoni.