Makala ya Lubumbashi si ya kusoma

Wiki yangu ya pili Lubumbashi, Kongo, niliwaambia wenyeji wangu wa mtaa wa Katuba kwamba jioni nitajifungia chumbani, nina makala ya kumalizia. Ilikuwa Juni, miezi ya baridi huku. Mama mwenye nyumba aliniangalia, akauangalia mlango wa chumba changu, akauliza polepole: "Makala? Mu chumba?" Baada ya muda mfupi akaniletea blanketi la pili na onyo kwamba watu hufa kwa moshi. Huku makala ni mkaa.

Nilikuwa na miaka 23, mtoto wa Tabora, nimetumwa na kanisa kwa miaka miwili. Siku ya kuagwa niliambiwa nina bahati kuliko wenzangu waliopangiwa Msumbiji: wao wataanza Kireno kutoka sifuri, mimi ninaenda kwa Waswahili wenzangu. Nikaamini. Kitabu changu cha Kifaransa nilikifungua mara ya kwanza mpakani Tunduma, kwenye foleni ya malori, na hadi tunavuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, nilikuwa bado kwenye ukurasa wa salamu.

Kama na wewe umepangiwa huku, Kifaransa kisikutishe sana. Kifaransa unajua kwamba hukijui, kwa hiyo utauliza. Kiswahili ndicho hutauliza, na hapo ndipo utakapoumbuka. Nilipoulizwa kama nataka mayi, nikadhani ni mayai, nikajibu mawili yanatosha. Walikuwa wananikaribisha maji. Kijana wa kwaya aliniambia anaikala Kenya, nikamuuliza alihamia Kongo lini. Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji, ya hapahapa Lubumbashi. Papa mmoja, yaani baba mmoja, alinitambulisha kwa "bibi yangu", nami nikainama, nikatoa shikamoo na kumpa pole za uzee. Alikuwa mke wake, rika la dada yangu. Marahaba nayo niliisubiri mpaka leo. Huku utasalimia jambo, utatoa mkono, basi.

Mambo mengine sikio linazoea lenyewe: batu, batoto, mu nyumba, ku soko. Hayo yasikusumbue.

Kilichonisumbua mimi ni kwamba wao walinielewa vizuri mno. Kiswahili changu wanakijua. Kwao ni lugha ya Biblia na mahubiri, wanakiita Kiswahili bora. Sebule iliyokuwa ikicheka ilinyamaza nikiingia, kila mtu akaanza kunyoosha sentensi kama anayesoma somo la Jumapili. Kwa miezi miwili kila niliyemtembelea alikuwa salama kwa neema ya Bwana. Hakuna aliyeniambia kwamba mshahara haujatoka au kwamba mume hajalala nyumbani. Waligombana na kupatana kwa lugha nyingine, mimi nimekaa pembeni na kamusi kichwani. Mtumishi wa namna hiyo anamfaa nani?

Na nilikuwa na kiburi cha asili pia, niseme ukweli. Papa mwenye nyumba alifurahi kusikia natoka Tabora, akanisimulia habari za Msiri, aliyetoka pande zetu katika karne ya 19 akajijengea ufalme Bunkeya, hadi alipouawa mwaka 1891. Mmisionari Frederick Arnot alimkuta huko mwaka 1886. Mimi nikaondoka na hitimisho la kipumbavu kwamba Kiswahili tumewaletea sisi. Papa alikuwa anasema jambo jingine: misafara ilikileta, lakini migodi ya shaba ndiyo iliyokilea, watu wa Kasai, wa Rwanda na wa upande wa Zambia wakikitumia kambini kuelewana. Ni lugha yao, imekulia kazini. Siku moja nilimwambia mwanakwaya kwamba "batu" si sahihi. Akajibu, "Ndiyo, ndugu," na wiki nzima hakunitafuta.

Kwa hiyo usimsahihishe mtu. Na daftari liache chumbani. Ukilitoa tu, watu wanaanza kukusemea Kiswahili cha mimbari. Mimi niliomba nisaidie kutwanga sombe, yaani kisamvu, siku za Jumamosi. Akina mama walicheka mwanamume ameshika mchi, kisha wakanisahau. Ukishasahauliwa, unaanza kusikia. Nilibeba maneno matatu tu kila Jumamosi, nikayapeleka kwa mwalimu wangu, mtoto wa darasa la kwanza aliyelipwa biskuti. Watoto hawana huruma ya bandia. Nikisema vibaya alianguka chini kwa kicheko, na neno hilo silisahau tena.

Kifaransa anza na hesabu, kwa sababu bei nyingi nilizotajiwa dukani zilikuwa za Kifaransa hata kama mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Habari njema: soixante-dix (sabini) na quatre-vingt-dix (tisini) za kwenye kitabu zisahau. Huku ni septante na nonante, kama kwa Wabelgiji. Kichwa kinapona. Na rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Nilifika ibada ya kwanza nikiwa peke yangu na mlinzi.

Kosa lililofuata lilikuwa la upande wa pili. Nilipoanza kuonja utamu wa lugha ya mtaani, nikaipandisha mimbarini. Nilisali mbele ya kanisa zima kwa "batu yako" na "shiye", yaani sisi, nikitegemea watafurahi. Mzee wa kanisa alinisubiri mlangoni. "Ndugu, ile ya inje uiache inje." Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona ana haki. Hata kwetu Tabora hakuna anayemwomba Mungu kwa lugha ya kijiweni.

Mwezi wangu wa tano huku hivi niliachiwa sufuria ya bukari, yaani ugali, jikoni nikaiunguza, maana nilikuwa nasikiliza ugomvi wa majirani na kwa mara ya kwanza naufuata mwanzo hadi mwisho. Mama aliingia kama radi. "Weye! Bukari inaungua, unaangalia tu? Batu batakula nini?" Yaliyofuata sikuyaelewa hata nusu, wala hakuna neno moja alilolinyoosha kwa ajili yangu. Nilisimama na mwiko mkononi nikicheka, na hilo likamkasirisha zaidi.