Kuacha vidonge vya kisukari na kutumia mitishamba

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mama yangu ana kisukari, anameza metformini na glibenklamaidi. Muuza dawa za asili kampa unga wa karela, uwatu na mafuta ya habasoda, akamwambia aache vidonge, kwani Mtume (s.a.w.) amesema habasoda ni ponyo ya kila maradhi, na anayeshika vyote viwili imani yake ina kasoro. Afanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Mitishamba haina ubaya. Tumeamrishwa kujitibu, na hadithi ya habasoda ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim. Alipokosea huyo bwana ni katika kuifahamu. Al-Khattabi, mwanachuoni wa hadithi, ameeleza kuwa "kila" hapa ni tamko la jumla lililokusudiwa baadhi. Mfano wake ni upepo wa kaumu ya Adi: ulikuja kuangamiza "kila kitu" (Al-Ahqaf 25), na aya hiyohiyo inasema majumba yao yalibaki yakionekana. Tena metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea, galega, uliotumiwa Ulaya zamani. Kidonge kikaanza kutibu kisukari Ufaransa mwaka 1957. Sasa imani inapungulia wapi?

Jambo la kuogopa ni jingine. Karela inaweza kushusha sukari, na glibenklamaidi huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala. Vikikutana, sukari inaweza kwenda chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo: mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, maneno yanapotea. Hapo apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, apimwe baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini apewe tena. Akiwa hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na akiacha vidonge, sukari hupanda kimyakimya. Atajiona mzima, kumbe macho na figo vinaliwa. Anayechoma insulini tangu utotoni ndiye asiyeweza kuiacha kabisa, hata siku moja.

Uwatu ndio mwepesi kidogo. Ute wake huchelewesha sukari ya chakula kuingia damuni, na huweza kuchelewesha dawa vilevile. Akiutaka, kwanza daktari wake aambiwe, kisha aanze na kijiko kimoja cha chai kilicholowekwa usiku kucha, anywe saa mbili mbali na vidonge. Apime asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya chakula, aandike daftarini. Asianze vyote vitatu kwa pamoja: sukari ikishuka hamtajua ni kipi kimeishusha. Mjamzito aachane na karela, na uwatu asiutumie kwa kipimo cha dawa.

Ama muuzaji, Mtume (s.a.w.) amesema anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini (Abu Dawud). Maana yake madhara yakitokea, fidia ni juu yake. Na unga ukishusha sukari kwa kasi ya ajabu, uulizieni: wako wanaosaga vidonge vya hospitali wakachanganya humo na kuuita mti mtupu. Hiyo ni ghashi, na mnunuzi ana haki ya kuurudisha unga na kurudishiwa pesa zake.

Wallahu a'lam.