Jibu: Malkia wako alikufa d4

Ndugu, umeuliza kwa nini ulipoteza malkia kwenye mashindano ya sataranji (chesi) ya Bukavu, ukiwa na nyeusi, kwa kula pioni ya bure. Bure? Tazama (nyeupe na nyeusi kwa zamu; herufi na namba ni jina la mraba): e4 e6, d4 d5, e5 c5, c3, farasi c6, farasi f3, malkia b6, askofu d3, kisha pioni zikalana d4. Farasi wako akala d4, farasi wake akamla, malkia wako akalipiza. Ndipo askofu wake akaruka b5 akimtishia mfalme, na njia ya malkia wake wa d1 hadi kwa malkia wako ikafunguka. Kwisha! Tanguliza kusogeza askofu wako d7, ndipo d4 inalika kweli.

Huu Ulinzi wa Kifaransa (kuanza kwa kujibu e4 kwa e6), wenye jina tangu mechi ya barua ya London na Paris iliyoanza 1834, usiuache. Mimi hapa Lubumbashi nikiwa na nyeusi nacheza huohuo.