Je, teolojia ya ukombozi ya Korea ilitoka Amerika ya Kusini?

Hapana ndugu, Wakorea hawakuiga teolojia hiyo, yaani mafundisho ya dini yanayosimama upande wa wanyonge. Ni kweli zilikua wakati mmoja, ila ya Korea ina mzizi wake: cherehani za Soko la Pyeonghwa, Seoul. Tarehe 13 Novemba 1970 fundi kijana, Jeon Tae-il, miaka 22, alijichoma moto hapo akipaza sauti kwamba wafanyakazi si mashine. Alikuwa Mkristo na alifundisha watoto kanisani. Wasichana wadogo walishona kwenye vyumba vya dari ya chini, vumbi la vitambaa kifuani, na sheria ya kazi ilikuwepo, kwenye karatasi tu. Kifo hicho kiliwaumbua wasomi wa dini.

Ndipo wanateolojia wa Korea Ahn Byung-mu na Suh Nam-dong wakaanza kuandika juu ya "minjung", yaani walalahoi. Ahn alirudi kwenye Injili ya Marko, akaliganda neno la Kigiriki "ochlos", ambalo Biblia yetu inaliita "makutano". Hao ndio waliomzunguka Yesu, akasema, tena si watazamaji. (Mimi hapo ndipo aliponikamata.) Wote wawili walifungwa baada ya tamko la kudai demokrasia lililosomwa Kanisa Kuu la Myeongdong, la Wakatoliki, Seoul, Machi 1, 1976.

Ila usiwape wanateolojia sifa zote za 1987, mwaka wa maandamano makubwa ya kudai demokrasia. Juni ile ilikuwa ya wanafunzi, vibarua na makarani wa ofisini. Kanisa, Wakatoliki hasa, liliwafungulia mlango wa Myeongdong polisi walipowafukuza.