Ukimkopesha mvuvi, uliza upepo kwanza

Mara ya kwanza kuweka pesa kwenye biashara ya mtu mwingine tulikuwa wanane: watano hapa Langoni, Lamu, wawili Mombasa, mmoja yuko Uarabuni. Nahodha mmoja alihitaji mashine ya mashua. Benki ilimtaka hati ya shamba, naye shamba hana. Tukachanga 15,000 kila mmoja kwa M-Pesa, tukaandikiana arudishe 12,000 kila mwezi. Ilikuwa Januari, upepo wa kaskazi wavuma, samaki wanashuka kila asubuhi.

Miezi mitatu alilipa bila kukumbushwa. Kisha ukaingia upepo wa kusi. Bahari ikachafuka, vyombo vidogo havithubutu kuvuka miamba. Mei hakulipa, Juni hakulipa. Kwenye grupu la WhatsApp ndugu yetu wa Uarabuni akaanza kumwita mwizi.

Nikaenda kwa nahodha. Nilimkuta barazani anashona nyavu, mashine kaipaka mafuta isishike kutu, kaifunika gunia. Akanitolea daftari: kila siku aliyotoka, kilo alizoleta, barafu na petroli alizonunua. Niliona aibu. Kosa lilikuwa letu: tulimwandikia mkataba wa mtu wa mshahara, ilhali yeye riziki yake iko kwenye upepo.

Tukakaa upya, tukafuata mgao wa baharini ambao kila mvuvi anaujua. Hutolewa gharama kwanza, yaani mafuta, barafu na chakula, halafu kinachobaki hugawanywa baina ya chombo na mabaharia. Tukakubaliana tuchukue nusu ya fungu la chombo. Akikosa, nasi tumekosa. Hilo pia lilituondolea wasiwasi wa riba, maana faida na hasara ni za wote. Kaskazi iliporudi, pesa zikaanza kuingia, na kufikia Machi tulikuwa tumerudishiwa zetu zote na faida kidogo juu.

Watu kukopeshana bila benki kupitia mtandao si jambo geni duniani. Kampuni ya Zopa ya Uingereza ilianza 2005, na mwaka huohuo ikaanza Kiva ya Marekani, ambako mtu hukopesha hata kiasi kidogo bila kupata riba. Lakini Zopa iliacha njia hiyo 2021 ikabaki benki, kwa hiyo msidhani programu ya simu peke yake inatosha. Hapa Kenya, tangu 2022 anayekopesha kwa simu kibiashara anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na leseni hiyo haimruhusu kupokea amana za watu. Anayekuja mtaani kukusanya akiba zenu kwa ahadi ya faida ya uhakika kila mwezi, nawasihi, msimpe hata shilingi.

Pesa ya karo usiitoe. Toa ile ambayo ikichelewa msimu mzima nyumba yako haitayumba. Andikeni, mashahidi wawili watie sahihi, na mmoja wenu awe anakwenda kuiona biashara kwa macho. Aliye mbali hulala vizuri akitumiwa picha ya daftari.

Wiki hii tumekaa na fundi wa vyombo wa Matondoni anayetafuta pesa za mbao. Kabla ya kumuuliza anataka kiasi gani, tulimuuliza wateja wake humlipa mwezi gani.