Jozi ya Kati Mezani: Usiulize Kama Unaongoza, Uliza Nani Atalipa

Sisi tuliojifunza karata vibarazani kwa kucheza turufu tuliingia kwenye poka ya mtandaoni tukiwa na kasoro moja iliyotugharimu. Katika turufu uzito wa karata haubadiliki: ree ni ree, garasa ni garasa, na mfalme, ambaye mjomba wangu hadi leo humwita mzungu wa nne, huhesabiwa nne awe mkononi mwa nani. Katika poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na nyingine tano za wote hufunguliwa mezani, tatu kwanza kisha moja moja, jozi ileile inaweza kuwa mali katika mchezo mmoja na mzigo katika mchezo unaofuata, kwa kutegemea ni nani aliyebaki nawe na amebaki kwa sababu gani. Karata nzuri sana na karata mbovu sana hazikunisumbua muda mrefu. Zilizonimaliza ni zile za katikati, kama jozi ya pili kwa ukubwa, au jozi ya juu iliyoambatana na karata dhaifu.

Nitaeleza mchezo mmoja kwa kirefu, kwa kuwa niliurudia kwa sura mbalimbali kwa zaidi ya mwaka kabla sijaelewa kilichokuwa kikitokea. Ilikuwa meza ya watu sita, dau za lazima za wachezaji wawili zikiwa senti 5 na senti 10 za dola. Nilikuwa wa mwisho kuamua, mkononi nina jeki na kumi, nikapandisha hadi senti 25. Wote walitupa isipokuwa mwenye dau kubwa la lazima, ambaye alilipia, yaani alifikisha dau langu bila kupandisha, na kitita, yaani fedha zote zilizowekwa, kikawa senti 55. Zikafunguliwa mfalme wa shupaza, jeki wa uru na 4 ya pau. Akapisha, yaani hakuweka dau, akaniachia zamu. Nikaweka senti 30, akalipia. Ikaja 7 ya kopa. Akapisha, nikaweka senti 70, akalipia. Karata ya tano ikawa 2 isiyomsaidia mtu, akapisha kwa mara ya tatu, na mimi, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajaguswa tangu mwanzo, nikaweka dola 1.70 kwenye kitita cha dola 2.55. Alilipia bila kuchelewa na kuonyesha mfalme na 9: jozi ya mfalme dhidi ya jozi yangu ya jeki.

Usiku ule nilisema ni bahati mbaya. Siku iliyofuata nilifungua kumbukumbu ya mchezo nikaandika kwenye daftari karata zote ambazo mtu yule angeweza kuwa nazo, nikaona kuwa bahati haikuhusika. Dau la kwanza lilikuwa na wateja halali: mwenye bibi na kumi aliyesubiri kukamilisha mfululizo wa karata tano, mwenye jozi ya 4, mwenye jozi ya 9 mkononi. Dau la pili liliwafukuza wengi wa hao, kwani mwenye jozi ya 9 akiwekewa dau mara mbili huanza kuamini kwamba mfalme yupo. Dau la tatu halikuwa na mteja hata mmoja niliyemzidi, maana bibi na kumi waliokosa mfululizo hawana cha kulipia. Nilikuwa kama mwanamke mwenye ungo, napepeta: makapi yaliruka moja baada ya lingine, na zikabaki punje nzito tu, ambazo ndizo zilizonishinda.

Tangu hapo nimeacha kujiuliza kama ninaongoza. Swali hilo lina jibu linalopotosha, na hesabu ndogo inatosha kulionyesha. Chukulia kwamba karata ya tano imefunguliwa, wewe ndiye wa mwisho kuamua, na mpinzani anaweza kuwa na mojawapo ya karata za aina 20 zenye uwezekano sawa, 14 dhaifu kuliko zako na 6 bora. Unaongoza kwa asilimia 70, na ukiangalia hapo tu utaweka dau. Lakini kama katika zile 14 dhaifu ni 4 tu zitakazolipa, na zile 6 bora zote zinalipa, basi katika kila mara 10 utakazolipwa utashinda 4 na kupoteza 6. Kwa kupisha ungefunua karata zako na kuchukua kitita katika zile mara 14 bila kuhatarisha senti. Ili dau la mwisho likufae, ni lazima ushinde zaidi ya nusu ya mara unazolipwa, na zaidi kidogo ya hapo kama mpinzani ana uwezo wa kukupandishia.

Hesabu hiyohiyo hugeuka akiwepo mtu anayelipia kila kitu, na meza za senti zimejaa watu wa aina hiyo. Kama kati ya zile 14 dhaifu 9 zinalipa, unashinda 9 na kupoteza 6, na kupisha kunakuwa kosa. Kwa mtu kama huyo mimi huweka theluthi moja ya kitita, kiasi ambacho hata mwenye jozi ndogo hukilipa kwa udadisi. Ndiyo maana naandika maelezo mafupi kuhusu kila mchezaji ninayekutana naye mara kwa mara. "Amelipa kwa jozi ya 4 mpaka mwisho" ni sentensi yenye thamani kuliko programu nyingi za takwimu nilizowahi kuzijaribu.

Kabla ya karata ya tano kuna jambo la pili la kupima: karata zako zinaweza kupinduliwa kwa urahisi kiasi gani. Ukiwa na jozi ya 8 mkononi na mezani kuna 7, 4 na 2, mpinzani mwenye mfalme na bibi ana karata 6 za kumwokoa kati ya 45 zisizoonekana, yaani karibu asilimia 13 kwa karata ijayo na karibu robo kwa karata zote mbili. Kumpa nafasi hiyo bure ni ukarimu usio na sababu, kwa hiyo hapo naweka dau hata nikijua atatupa. Sasa chukua jozi ya bibi mkononi na mezani ree, 8 na 3. Mwenye jozi ya 9 ana karata 2 tu za kumwokoa, mwenye mfalme ana 3, na mwenye ree hatatupa kamwe. Karata zako ni kubwa kuliko zile 8 za awali, lakini hazihitaji ulinzi na hazina wateja wengi, kwa hiyo pisha kwanza. Aliye na 8 atakulipa mara moja baadaye, na mara hiyo moja inatosha.

Wachezaji wakiwa watatu au wanne ndani ya mchezo, napisha karibu kila mara. Nikiwa wa kwanza kuamua, vivyo hivyo.

Kuna adui mwingine ambaye hesabu haimgusi, nayo ni ile saa ndogo inayohesabu sekunde kwenye skrini. Nilipokuwa nikicheza meza nne kwa pamoja, kidole kilibonyeza dau kabla akili haijauliza lolote, kwa sababu kuweka dau huleta hisia ya kushika usukani. Nilipopunguza hadi meza mbili, madau ya aina hiyo yalipungua yenyewe.

Miezi kadhaa baadaye nilipata tena jeki na kumi, na mezani tena mfalme na jeki. Karata ni karata, hurudi. Niliweka senti 30, mpinzani akalipia, na ya nne ilipofunguliwa nikapisha. Ya tano haikubadilisha kitu. Mpinzani, aliyeona udhaifu, akaweka senti 60 kwenye kitita cha dola 1.15. Nilijiambia kwamba kwa bei ile nahitaji kuwa sahihi kidogo zaidi ya mara moja katika nne, nikalipia. Alionyesha bibi na kumi, mkwara mtupu. Zile senti 60 zisingetoka mfukoni mwake kwa njia nyingine, maana ningeweka mimi dau hapo mwisho, angetupa karata zake papo hapo.